Diski Moja kwa Kila Nyumba

Ukimwendea Mama Video na sherehe mpya lakini bila diski yako ya zamani, alikurudisha nyumbani. Hakujali umetoka wapi wala mvua inanyesha vipi. Alikutazama juu ya miwani, akasema, "Na ile ya kwanza iko wapi? Enda uilete. Mimi sianzishii mtu nyumba mbili." Mtu alinung'unika, akaenda zake, na baadaye akarudi na diski imefungwa kwa kitambaa cha kichwa au imechomekwa katikati ya Biblia. Hapo ndipo alipoonyeshwa kiti.

Duka lake lilikuwa Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, na mimi nilikuwa nikishona sare za shule chumba cha pili. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo miaka yote ile nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Nilikijua kikohozi chake. Nilizijua nyimbo zake za kanisa, ambazo hakumaliza hata ubeti mmoja, na nilijua jinsi alivyogombana na kompyuta kana kwamba ni mpwa wake mvivu. Alizaliwa wapi sijui, na kusema kweli sikuwahi kuuliza. Hata jina la kwenye kitambulisho chake walilijua wachache. Alikuwa Mama Video, basi.

Alipiga video za sherehe, na hasa za ndoa. Kwetu ndoa haifanywi siku moja. Kwanza watu wa mwanamume huja kujua nyumbani kwa msichana. Halafu huja ruracio, siku ya mahari, ambayo huenda ikawa zaidi ya moja. Mwisho kabisa ni ngurario, siku ya kukata nyama, na wazee wakishaikata ndipo hukubali kwamba watu wameoana. Kati ya siku ya kwanza na ya mwisho miaka hupita, watoto huzaliwa na wazee hufariki. Wapiga video wengine walitoa diski mpya kwa kila sherehe. Mama Video yeye alisema nyumba moja, diski moja. Alinunua zile DVD zinazoandikika tena, akachoma, yaani akaandika kwa kompyuta, sherehe ya kwanza, kisha akaiacha diski wazi ikisubiri. Hatua iliyofuata aliiongeza juu ya ile ya kwanza, na iliyofuata vivyo hivyo, mpaka ndoa yote ikalala mahali pamoja.

"Mashine inauliza, nifunge?" alinieleza siku moja kupitia ukutani. "Watu wanajibu ndiyo kwa sababu wamezoea kusema ndiyo. Mimi nasema hapana. Kwani hao watu wamemaliza?"

Mimi pia nina diski yangu, na ndani yake yumo baba yangu. Ni lazima niseme hili mapema, kwa maana ndilo linalonifanya nimkumbuke Mama Video kuliko majirani wengine wote niliowahi kuwa nao. Baba hakupenda kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa aligeuza uso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Ni Mama Video peke yake aliyemweza, maana hakumwambia mzee tabasamu, mzee tazama huku. Alikaa tu na kamera yake mahali fulani mpaka watu wakamsahau. Basi baba yuko kwenye diski ile siku watu wa mume wangu walipokuja kujua kwetu, na yuko tena siku ya ruracio, anaongea na kucheka na kukohoa. Mahali pengine popote sauti yake haipo. Alifariki kabla ya ngurario yetu, na kabla ya binti yangu kuzaliwa.

Sasa nirudi kwa Mama Video. Kwenye sherehe alipiga vitu ambavyo mwenye sherehe hakuvijua mpaka alipofika nyumbani. Mikono ya wanawake wakimenya viazi. Viatu vya wageni, kimoja kimefungwa kwa waya. Mzee amesinzia huku sahani yake inalambwa na paka. Kina mama wakianza kuimba langoni wakiomba kufunguliwa, kamera yake ilitetemeka, na kila mtu Gatitu alijua kwamba ni kwa sababu analia. Ukimuuliza, alisema hapendi harusi. "Kelele mingi, na chakula inachelewa." Yeye chakula chake hakikuchelewa. Aliingia jikoni kabla ya maombi, akapewa sahani yake, na hakuna mpishi aliyethubutu kusema neno. Alisema kamera haishikwi na mtu ana njaa.

Majina ya watu hayakumkaa kichwani hata kidogo. Alimjua mtu kwa sherehe yake. Bwana mmoja mheshimiwa sana, mzee wa kanisa, alipita mbele ya maduka yetu na Mama Video akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wewe si ni ule mbuzi yake ilitoroka?" Yule bwana aliangalia kulia na kushoto, kisha akacheka mwenyewe na kuingia dukani kusalimia.

Wakati diski inachomwa, hakuna aliyeruhusiwa kucheka wala kufunga mlango kwa nguvu. Aligonga ukuta wetu kwa kifundo cha kidole. "Mami, simamisha hiyo cherehani!" Nami nilisimamisha, mguu hewani, nusu ya kola imeshonwa na nusu bado, na mzazi aliyekuja kuchukua sare amekaa ananishangaa. Kama mtetemo wa cherehani huharibu diski kweli, sijui mpaka leo. Nadhani alitaka tu watu wanyamaze kidogo. Stima ikipotea katikati ya kazi, alisema "Imeenda" kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, halafu akamenya ndizi na kuila polepole akitazama kioo cheusi cha kompyuta.

Mtu akimsikia akihubiri habari za kusubiri angedhani ana subira. Hana. Chai ilikuwa haijachemka ameshaimimina. Foleni ya benki aliitoroka. Alimkatiza pasta katikati ya mahubiri ya harusi, akamwambia asogee kidogo kwa sababu anamziba bibi harusi, na pasta akasogea. Lakini mpe diski ya watu, na kiti, na programu yake ya kuchomea, angekaa hapo kutwa nzima bila kulalamika.

Na asidhani mtu kwamba hakuwahi kukosea. Kuna nyumba moja ya hapo Gatitu ambayo diski yao aliifuta kwa bahati mbaya. Alikuwa anataka kufuta nyingine iliyokuwa juu ya meza, akachukua yao. Niliusikia ukimya upande wa pili wa ukuta, na ulikuwa ukimya mbaya. Alifunga duka, akaenda nyumbani kwao kwa miguu, akawaambia. Mke alilia. Halafu Mama Video, badala ya kuomba msamaha mara ya pili, akasema, "Nguo mko nazo bado?" Kufikia Jumamosi walikuwa mbele ya kanisa, wamevaa tena, na keki ya kukata, na wale mashahidi waliopatikana. Bwana alikuwa amenenepa, na mimi ndiye niliyeipanua ile suruali kwa kitambaa cha sketi ya shule, kijani kabisa, upande wa nyuma ambao kamera haikupaswa kufika. Kamera ilifika. Wale watu wanasema hii ya pili wanaipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu kwenye ya kwanza walikuwa wameogopa na kwenye ya pili hakuna anayeweza kusimama wima kwa kucheka. Tangu siku hiyo Mama Video hakufuta diski ya mtu mpaka mwenyewe asimame mbele yake na kutamka kwa mdomo wake, "Futa."

Simu zilipoingia kila mfuko, kazi ilipungua. Vijana walikuja na kamera zinazoruka juu ya hema, na badala ya diski wakawatumia watu link. Mama Video hakuwachukia. Aliwauliza tu, hiyo link ikikatika? Wakasema haikatiki. Alinigongea ukuta akacheka. "Ati haikatiki! Simu inaibiwa. Flash inafuliwa na suruali. Lakini CD ya harusi ya mtu, mwizi ataipeleka wapi? Ataonyesha nani?" Macho yake yalianza kuingia ukungu. Binti yake aliyeolewa Karatina alikuja na gari la mizigo, akamchukua yeye na vitu vyake vichache. Kompyuta kubwa ya dukani iliuzwa. Chumba chake sasa kinauza chipsi. Nashona mchana kutwa bila kusimamishwa na mtu, na naona uchungu wa jambo hilo hasa saa za alasiri.

Diski zetu alimwachia kila mtu yake. Nakala hakuweka. Alisema mambo ya watu si ya kurundikwa kwa duka.

Mwaka huu wazee walikubaliana siku ya ngurario yetu. Mama yangu alitoa sharti moja. Kiti cha baba kingekaliwa na ndugu yake, sawa, lakini kabla ya nyama kukatwa, diski iwekwe na baba asikike. "Hawezi kuanza hii maneno halafu imalizwe kama hayuko," alisema. Hakuna aliyembishia.

Kaka yangu anafanya kazi Murang'a, na ndiye aliyekuwa na diski. Alikuwa ameiomba ili aweke picha za mazishi ya baba. Mtu wa kwingine angenunua diski mpya kwa picha hizo, na pasingeharibika kitu. Lakini sisi wa Gatitu tumeshafundwa, nyumba moja, diski moja. Aliichukua ileile, akaiingiza kwenye kompyuta ya kazini, akaongeza picha zake, akaniletea akiwa na furaha. Tuliiweka kwenye deki nyumbani kwa mama. Likaja jeneza. Yakaja maua, na watu wenye miavuli. Tukabonyeza mbele, tukabonyeza nyuma. Hakukuwa na kitu kingine.

"Mimi niliongeza tu," kaka alisema. "Haki ya Mungu, sijafuta kitu." Mama aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe, ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Niliipeleka diski mjini Nyeri, kwenye duka moja la kompyuta. Kijana wa pale alikuwa mpole. Aliitia, akatazama, akatikisa kichwa. "Sister, hizo za kwanza ziliishia. Hii kitu imejichanganya. Wacha niiclean yote, nikurudishie hizi picha fresh, itakaa poa." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. Nilinyoosha wangu nikabonyeza kitufe cha mlango wa mashine, diski ikatoka, nikaichukua na kuondoka bila hata asante. Sikujua kama ninaokoa kitu au ninabeba kipande cha plastiki.

Kesho yake nilimchukua binti yangu, ambaye ana miaka minne na haachiki nyumbani bila vita, tukaenda Karatina.

Nyumba iko nyuma ya soko, na kelele za wapakiaji wa kabichi zinafika mpaka uani. Mama Video alikuwa juani, ungo wa minji, yaani njegere, mapajani, anachambua kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii tena. Amepungua. Lakini aliposikia sauti yangu aliacha kuchambua.

"Ni wewe wa cherehani," alisema. "Na huyo anapumua kwa mdomo ni nani?"

"Ni msichana wangu."

"Aje hapa anisaidie. Wewe, maganda unaweka kwa hiyo ndoo. Sasa wewe mkubwa, nini imekuleta?"

Nilimweleza yote. Hakunikatiza, jambo ambalo kwa Mama Video si la kawaida. Nilipofika kwa yule kijana wa mjini alifunga macho kidogo.

"Alifuta?"

"Hapana. Niliitoa."

"Asante Yesu. Lete hiyo kitu."

Aliishika kwa ncha za vidole, ukingoni na kwenye tundu, akaielekeza juani, kisha akakumbuka kwamba haoni. Akanirudishia. "Angalia upande unang'aa. Anzia kwa tundu. Rangi iko namna gani?"

Niliigeuza polepole. Karibu na tundu palikuwa na duara pana, jeusi kidogo kuliko sehemu nyingine. Halafu mstari mwembamba. Halafu duara jingine, jembamba kama ukingo wa sahani. Baada ya hapo diski iling'aa tu mpaka mwisho. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Hiyo nyembamba ni picha za kaka yako," alisema. "Picha hazikuli nafasi. Na hiyo kubwa ya ndani unafikiri ni nini?"

Nililitazama tena lile duara la ndani.

"Kaka yako hajafuta," alisema. "Aliongeza bila kuita za zamani. Ukitaka kuongeza, kwanza unaambia programu ilete zile ziko, ndio iziandike pamoja na mpya. Yeye aliandika mpya peke yake. Sasa mashine inasoma orodha ya mwisho tu, inasema basi, hii nyumba iko na mazishi pekee yake. Lakini wale wengine wako huko ndani. Hakuna mtu amewatoa."

Aliniongoza mpaka chumbani kwake. Laptop ya binti yake haina mahali pa diski, kama zote za siku hizi, lakini Mama Video alikuwa na kisomeo chake cha pembeni, amekizungushia sweta chini ya kitanda. Nilikiunganisha. Yeye alikaa kando yangu, kiganja chake kimelala juu ya kisomeo kama mtu anayemgusa mgonjwa kipaji cha uso, na mimi nikawa macho yake. Alisema fungua hapa, nikafungua. Alisema kuna mahali pameandikwa session, yaani kila mara diski ilipoongezwa kitu, niisome. Nikasoma ya mwisho. "Rudi nyuma moja."

Nikarudi nyuma moja. Kisomeo kilinguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena. Nilitazama kioo cheupe nikaomba kimoyomoyo, bila maneno ya maana. Nilimwaza mama yangu na ule ukimya wake wa kwenda kwa ng'ombe.

"Stima iko?" aliuliza Mama Video.

"Iko."

"Basi ngoja."

Yakatokea majina mawili, kwa herufi kubwa jinsi alivyopenda kuandika. KUJUA KWAO. RURACIO. Niliyasoma kwa sauti, na sauti yangu ikavunjika kwenye la pili. Mama Video alinipiga begani kofi la nguvu kuliko nilivyotarajia kutoka kwa mkono ule mdogo. "Kwanza nakili kwa laptop," alisema. "Kulia ni baadaye. Ukishanakili, na picha za kaka yako pia, tunaziandika zote pamoja, mpya na za zamani."

Tulikaa tukisubiri mstari wa kijani ujae. Binti yake alituletea chai. Mama Video, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliiacha ipoe, sikio lake kwenye kisomeo. Aliniuliza ngurario itakuwa na watu wangapi, nani anapika, na kama yule ndugu wa baba atakayekalia kiti chake anajua kuongea au ni wa kusomasoma karatasi. Nilimwambia angekuja angefurahi. Akasema atakuja, na gari litumwe mapema, na mpishi aambiwe.

Mstari ulipojaa, nilifungua ile ya kwanza ili kuona kama kweli iko hai. Binti yangu aliingia kutoka uani, minji mkononi, akajibanza kati ya magoti yangu.

Kulikuwa na sebule yetu ya zamani, na makochi yenye vitambaa. Kulikuwa na wageni wamekaa wima kwa heshima, na mume wangu mwembamba wa wakati ule. Na baba. Siku hiyo Mama Video alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, kwa hiyo kila baba aliponitazama mimi, alitazama kamera. Alikuwa na glasi mkononi. Zamani ingekuwa pombe ya asali iliyoletwa na wageni, lakini baba alikuwa mtu wa kanisa, ilikuwa soda. Kwa desturi yetu, baba wa msichana hagusi kinywaji cha wageni mpaka amuulize binti yake mbele ya watu wote. Msichana akikubali, baba hunywa, na mambo yanaanza. Akinyamaza, glasi huwekwa chini na wageni huenda zao.

Baba aliinua uso. Alitutazama machoni.

"Msichana wangu," alisema, na sauti ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. "Hawa watu wameniletea hii kitu. Nikunywe, ama niwache?"

Nakumbuka jinsi nilivyoona haya siku ile na nikachelewa kujibu. Kwenye laptop baba anasubiri, glasi hewani, macho yake yamejaa kicheko anachojaribu kukificha.

Binti yangu hajawahi kumwona babu yake, guka kama tunavyosema kwetu. Alimtazama, akanitazama mimi, akaona sisemi kitu kwa sababu ya machozi, akamgeukia tena yule mzee aliyekuwa anangoja.

"Kunywa, guka," alimwambia.

Na baba akanywa.